Mafuta ya Jumatatu

Ninyi wajukuu zangu, na ninyi watoto wa majirani mnaopenda kuchungulia madaftari ya watu, haya nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo mkiona herufi zinapanda mlima msinicheke. Niliishia darasa la tatu. Kuhesabu najua, kunusa najua, na kukiri kosa nimejifunza juzi juzi tu, mvi zimeshajaa kichwani. Someni mpaka mwisho. Anayesoma nusu akafunga ni kama anayeepua mafuta kabla maji hayajaisha ndani yake. Siku ya kukaanga yatamrukia usoni.

Nyumba yetu ya Ujiji inakula kwa mawese. Shamba liko nje ya mji, njia ya kwenda Ilagala, na michikichi yake aliipanda baba mkwe wangu, mingine akaiongeza marehemu mume wangu. Kazi yenyewe haina siri. Mikungu inakatwa, inarundikwa na kufunikwa majani ili chikichi zilegee, kisha tunazichambua, tunazichemsha kwenye pipa, zinakamuliwa, na mafuta yanayotoka yanarudi jikoni kuchemshwa tena mpaka maji yote yaondoke. Hapo pa mwisho ndipo penye mpishi. Mafuta yakiwa mazuri anasifiwa yeye, yakiwa mabaya anasemwa yeye. Mama yangu aliniambia kwamba mawese yanamjua mpishi wake, na mkono yasioupenda yanauchachia. Niliamini hivyo miaka yote, na kuamini hakukunigharimu kitu, maana mimi hayakuwahi kunichachia.

Zamani tulitwanga kwa kinu. Mume wangu alikata mikungu Alhamisi. Ijumaa tulikaa, kwa sababu nyumbani kwangu moto wa kazi hauwashwi siku ya Ijumaa, na Jumamosi asubuhi tulitwanga na kupika. Alipofariki, na bega langu likaukataa mchi, niliacha kinu nikaanza kupeleka chikichi kwenye mashine ya kukamulia ya mzee mmoja jirani yetu, Muha, mtu wa kanisani, mtu ambaye ukimsalimu anakujibu kisha anafunga mdomo kama amelipa deni. Mwaka huohuo mwanangu wa kiume, anayeendesha bodaboda kule Gungu, alioa msichana wa Ilagala. Mwaka huohuo mafuta yetu yakaanza kuchacha.

Mngekuwa ninyi mngemshuku nani? Mashine ni chuma, haina mkono. Bibi harusi anayo mikono miwili.

Jikoni nilikuwa na wapishi wawili. Binti yangu, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kumshinda, alipika Jumatano. Mke wa mwanangu alipika Jumatatu. Zamu niligawa mimi mwenyewe, mgeni nikampa Jumatatu ili wiki ianze kwa kazi. Mafuta yote yaliingia stoo moja, na Jumamosi tuliyapeleka Katonga, kwa akina mama wanaokaanga migebuka karibu na pale mitumbwi inapoegeshwa.

Jumamosi moja mama mmoja wa pale, mteja wangu wa siku nyingi, alinirudishia dumu mbele ya watu. Alinipa shikamoo kwanza, adabu anayo. Kisha akasema mafuta yanakwangua koo, wateja wake walikula samaki wakakohoa kama wavuta kiko, na mmoja alimuuliza kama migebuka siku hizi wanakaangwa kwa sabuni. Watu walicheka. Mwingine naye akakumbuka kwamba kwenye dumu lake kulikuwa na mchanga. Wa tatu akasema lake lina maji, likiwekwa motoni linaruka. Nilibeba dumu langu nikaenda zangu. Nimeuza mawese Katonga tangu huyo mwanangu yuko mgongoni, na sijawahi kurudi na dumu lililojaa.

Nilipofika nyumbani wanawake wangu waliniona usoni. Binti yangu hakusubiri hata niketi. Alimgeukia wifi yake.

"Wifi, huko kwenu Ilagala mnapika mafuta au mnapika siki?"

"Siki nayo ina wanunuzi, wifi," mwenzake akamjibu. "Wewe una nini cha kuuza zaidi ya maneno?"

Niliwaambia wanyamaze. Ndani nilikuwa nimeshaamua. Kesho yake asubuhi nilimwita mwanangu kabla hajawasha pikipiki, nikamwambia mkono wa mke wake mafuta hayautaki, aache kupika. Alikaa akizungusha ufunguo kidoleni, kisha akaondoka. Ninyi mnaweza kuona ni jambo dogo, mtu kuambiwa asipike. Kwetu sivyo. Katika nyumba inayokula kwa mawese, mwanamke asiyeshika mwiko wa mafuta ni mgeni, na mgeni siku zake zinahesabika. Mke wa mwanangu alielewa hivyohivyo. Mchana niliona amekunja kanga zake, amefunga furushi, ameliweka nyuma ya mlango. Alikuwa amempigia simu kaka yake, mvuvi kule Ilagala, kwamba mwezi ukiisha aje amchukue.

Niseme ukweli wote. Lile furushi liliniuma. Huyu msichana ndiye aliyekuwa akinikanda bega kila alfajiri kwa mafuta ya mise, yale yanayotoka kwenye kokwa ya chikichi, bila kuambiwa, tangu mwezi wa kwanza wa ndoa yake. Lakini nilikuwa nimeshasema, na mimi nikishasema huwa sirudi nyuma. Nilidhani huo ndio ukubwa.

Jioni ile, kabla ya magharibi, alikuja akapiga goti karibu na mkeka wangu.

"Mama, sikukatalii. Lakini mimi nimesemwa, sijahesabiwa. Nihesabie mwezi mmoja tu. Ikionekana ni mimi, nitaondoka bila kunung'unika."

Nilimuuliza anahesabiwaje mtu kama mbuzi. Akaleta daftari. Mwaka uliopita kulikuwa na semina ya wajasiriamali huko Gungu, siku mbili, nikamtuma yeye kwa sababu mimi viti vya plastiki vinaniumiza kiuno. Alirudi na kofia na hilo daftari. Kofia aliichukua binti yangu, daftari hakuna aliyeliuliza. Kumbe humo ndani waliandika namna ya kuitafuta kasoro ya kazi kwa kuweka alama, si kwa kukisia.

Nikakubali. Nilikubali kwa sababu nilijua nitashinda.

Ukuta wa jiko letu kwa nje umepakwa chokaa. Alichukua mkaa akachora mistari ya kusimama na ya kulala, kama dirisha la nondo. Juu aliandika malalamiko yote tunayoyapata Katonga: yamechacha, yana maji, yana mchanga, dumu chafu. Pembeni akaandika Jumatatu na Jumatano. Kila dumu la Jumatatu likafungwa uzi mweusi shingoni, la Jumatano uzi mweupe, ili yasichanganyike tena stoo. Kazi yangu ikawa moja. Jumamosi nikitoka Katonga, kila lalamiko nililoambiwa naliwekea kijiti kimoja cha mkaa mahali pake. Vijiti vinne vikisimama, cha tano kinalazwa juu yao, kama mzigo wa kuni uliofungwa. Hata asiyejua kusoma anaona mzigo uko wapi. Mwanzoni nilikuwa naweka alama kwa hasira. Baadaye nikawa nasubiri Jumamosi.

Mwezi ulipoisha tulisimama wote mbele ya ukuta. Mchanga ulikuwa na vijiti viwili. Maji vitatu. Dumu chafu kimoja, na hilo najua lilichafukia kwa yule mteja mwenyewe. Kuchacha kulikuwa na mizigo mitatu ya kuni na vijiti vya juu. Nilibaki nimeduwaa, maana miezi yote ile nilikuwa nikigombana na watu kwa ajili ya mchanga. Nilinunua vitambaa vya kuchujia, nikavifua, nikavianika, nikamtukana aliyevikanyaga. Mchanga wenyewe vijiti viwili!

Lakini si hilo walilokuwa wanalitazama. Mizigo yote ile ya kuchacha ilikuwa kwenye mstari wa Jumatatu. Jumatano palikuwa peupe, chokaa tupu. Binti yangu alipiga makofi mara moja, akasema ukuta hauna wifi wala shangazi, umesema. Nami nikaona nimeshinda, ila ushindi wenyewe ulikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mke wa mwanangu alitazama muda mrefu. Nilifikiri analia. Alipogeuka macho yalikuwa makavu.

"Mama," akasema, "ukuta unasema Jumatatu. Haujasema mimi."

Binti yangu akauliza tofauti ni ipi, Jumatatu nani mwingine anapika. Akajibu kwamba hilo ndilo jambo lenyewe: yeye na Jumatatu tumewafunga kamba moja, hatuwezi kujua nani kati yao anachachua. Watenganishwe. Wifi yake apike Jumatatu, yeye apike Jumatano, tuone kuchacha kutamfuata nani. Akaongeza kwamba tusingoje mpaka Katonga walalamike. Kila siku ya kupika kipimwe kichupa kimoja, Jumamosi alfajiri nionje mimi. Na mwanangu avizungushie vichupa karatasi, uzi usionekane, ili ulimi wangu usijue unaonja cha nani.

Hapo nilikasirika kidogo. Nilimuuliza kama anafikiri ulimi wangu una ubaguzi.

"Ulimi hapana, mama. Masikio."

Nikamwita mwanangu, nikamwambia atafute karatasi.

Wiki ile binti yangu alipika Jumatatu akiimba. Aliosha sufuria mara mbili, akachagua kuni kavu, akakoroga kwa madaha. Jumamosi alfajiri nilichovya kipande cha muhogo wa kuchemsha kwenye kichupa cha kwanza, kikapita kooni vizuri kabisa, kitamu. Cha pili kikanikwangua. Mwanangu akafungua karatasi. Kizuri kilikuwa na uzi mweupe, wa Jumatano, kapika mke wake. Kibaya kilikuwa na uzi mweusi, kapika dada yake.

Binti yangu aliacha kuimba. Alisema sufuria ilikuwa imeshazoea mkono wa mwenzake. Baadaye akasema labda kuna mtu aliitia kitu. Nilimkazia macho, kwa sababu maneno kama hayo yakianza nyumbani hayana mwisho, leo ni sufuria, kesho ni mtoto kaumwa. Nikasema basi. Jumatatu inayokuja nitapika mimi. Huu mkono wangu wote mnaujua.

Nilipika. Bega liliniuma lakini nilikoroga mwenyewe tangu mafuta yalipotoka mashineni mpaka povu lilipokufa na uso wa sufuria ukatulia mwekundu, safi, unaweza kujitazama. Sikumruhusu mtu kugusa hata kifuniko. Nilipoyamimina nilijiambia, haya sasa, wataona.

Jumamosi hiyo ndiyo siku aliyokuja kaka yake kutoka Ilagala, baada ya kuombwa asubiri wiki mbili zaidi. Alifika mapema, kijana mrefu, kofia mkononi, ananukia ziwa. Alinipa shikamoo, akaketi kwenye gogo, hakutaka hata chai. Furushi lilikuwa limeshatolewa nje, liko mlangoni. Mwanangu alileta vichupa viwili vilivyozungushiwa karatasi huku hamtazami shemeji yake. Nilichovya muhogo kwenye cha kwanza, kitamu. Nikachovya kwenye cha pili.

Koo likakwaruzwa. Nilikohoa. Nikajaribu kumeza kikohozi, hakimezeki.

Mwanangu alichana karatasi. Uzi mweusi. Jumatatu. Mimi.

Kuku alipita katikati yetu akadonoa kile kipande cha muhogo kilichoniponyoka, akakiacha. Yule kijana wa Ilagala alimtazama dada yake, akanitazama mimi, akaliangalia furushi.

"Bibi," akasema taratibu, "mimi nimeitwa kuja kumchukua anayechachua mafuta. Sasa nimchukue nani?"

Binti yangu ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akakaa chini. Mwanangu akageukia ukutani mabega yanatikisika. Mke wake alijaribu kujizuia kwa ajili ya heshima, akaziba mdomo kwa kanga, ikashindikana. Nami nikacheka, wanangu. Nilicheka na machozi yakatoka, na katika kucheka kule nikasikia kifua changu kinashuka, kama mtu aliyetua ndoo ya maji aliyobeba tangu mtoni bila kujua kwamba alikuwa ameibeba. Mkono wa msichana haukuwa na kosa. Hakuwa na haja ya kwenda popote. Nilikuwa nimeaibika mbele ya mgeni wa ukweni na nilikuwa na raha kuliko siku ya Idi.

Nilimwambia kijana aweke kofia, leo hachukui mtu, anakula. Katonga tukaiacha wiki ile. Nilimtuma binti yangu akanunue migebuka, tukaikaanga kwa mafuta ya Jumatano.

Tulipomaliza kula, mke wa mwanangu alichukua mfupa wa mgebuka mmoja uliobaki mzima, kichwa mpaka mkia, akauweka juu ya sinia katikati yetu. Alisema kwenye semina walichorewa mfupa kama huu ubaoni, ila walichorewa kwa kalamu kwa sababu mwalimu wao hakuwa mtu wa huku. Kichwa ni lile tatizo, mafuta yaliyochacha. Kila mwiba ubavuni ni jambo linaloweza kulisababisha. Tuutaje mwiba mmoja mmoja, na uliothibitika hauna kosa tuuvunje.

Nilimwambia maisha yangu yote mifupa naitupia paka, leo naambiwa niisome. Lakini nilisogea.

Mpishi? Wamepika watatu, wote yamewachachia Jumatatu. Akavunja. Sufuria? Ileile Jumatano. Akavunja. Kuni, maji, madumu, vyote vilevile siku zote mbili. Akavunja, akavunja. Mashine? Ileile, mzee yuleyule. Ubavuni ukabaki mwiba mmoja, nao ulikuwa chikichi zenyewe. Binti yangu akasema huo nao uvunjwe, shamba ni moja, michikichi ni ileile.

Kaka mtu alikuwa anajichokonoa meno, hayamhusu. Akauliza, "Za Jumatatu zinavuliwa lini?"

Tulimcheka. Chikichi hazivuliwi, zinakatwa, wewe mtu wa nyavu. Akasema sawa, zinakatwa, lakini kwao samaki akinuka mtu haulizi nani kamkaanga, anauliza kavuliwa lini.

Nilianza kumjibu kwa vidole. Za Jumatano tunakata Jumatatu, zinakaa siku mbili. Za Jumatatu tunakata Alhamisi. Nikakunja kidole. Ijumaa hatufanyi kazi. Nikakunja cha pili. Jumamosi tuko Katonga. Cha tatu. Jumapili mzee wa mashine yuko kanisani, kafunga. Nikabaki nimekunja vidole vinne, navitazama. Siku nne, mikungu imebamizwa chini kutoka juu ya mti, chikichi zimejeruhiwa, zimefunikwa majani mabichi kwenye joto, zinatoa jasho. Mimi mtoto wa ufukweni ningevua dagaa Alhamisi nikawaanika Jumatatu? Hata huyo paka angenihama.

Na Alhamisi ilitoka wapi? Ilitoka kwa marehemu. Yeye alikata Alhamisi kwa sababu Jumamosi tulitwanga. Kinu nilikiacha, Jumamosi nikaigeuza siku ya soko, lakini Alhamisi yake sikuigusa, kwa sababu ilikuwa yake. Hakuna aliyeniamuru niishike. Niliishika kwa mapenzi, nikawa namchachushia mafuta mke wa mwanawe.

Nilivaa viatu nikaenda kwa mzee wa mashine mchana uleule. Alinisalimu kwa Kiha, nikamjibu, tukajuliana hali. Nikamuuliza kama amewahi kuona tofauti kati ya chikichi zangu za Jumatatu na za Jumatano. Akasema ndiyo, za Jumatatu huwa zinanukia pombe, tangu mwaka juzi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Hukuniuliza," akasema. "Nilidhani ndivyo wateja wako wanavyopenda."

Mwaka juzi! Nilimeza maneno yangu, maana yalikuwa makali na kosa lilikuwa langu. Nikamuomba basi afungue mashine Jumapili mchana akitoka kanisani. Akaniangalia kwa upole, akauliza kama mimi nitawasha moto wangu Ijumaa baada ya sala. Tukaangaliana. Nikasema hapana. Akasema na yeye hapana. Tulielewana vizuri zaidi siku ile kuliko miaka yote ya ujirani. Siku ya Mungu kila mtu akae na yake. Kilichotakiwa kuhama ni panga.

Wiki iliyofuata mwanangu alikata Jumapili alfajiri. Kuna hasara yake, siwafichi. Mkungu wa siku moja haujalegea, inabidi kuupasua kwa shoka na kuzing'oa chikichi kwa vidole, na miba ya mkungu haina huruma. Binti yangu alilalamika mpaka jioni. Nilimwambia kidole kikichomwa kinapona, jina likichomwa halina dawa, hasa pale Katonga.

Jumatatu hiyo sikupika mimi. Nilimwita mke wa mwanangu jikoni, nikamkabidhi mwiko mbele ya wote. Mimi kuomba radhi kunanipa tabu, nililelewa hivyo, lakini siku ile nilijikaza.

"Mwanangu," nikamwambia, "nilikusema kabla sijakuhesabu."

Akasema, "Yamekwisha, mama." Akawasha moto.

Jumamosi vichupa viwili vililetwa na karatasi zake. Nilionja cha kwanza. Nikaonja cha pili. Nikarudia cha kwanza, nikarudia cha pili, mwanangu ananisubiri nimwambie kipi kibaya. Nikamwambia afungue tu, sijui. Ulimi wangu, niliojivunia miaka arobaini, haukuweza kuitofautisha Jumatatu na Jumatano, na sijawahi kufurahia kushindwa namna ile. Hatukuishia hapo. Tuliendelea na alama mwezi mwingine mzima, kwa sababu msichana alisema wiki moja inaweza kuwa bahati. Safu ya kuchacha ikapata kijiti kimoja tu, na hicho kilikuwa cha wiki ambayo mvua ilifunga njia ya shamba, mikungu ya Jumapili ikangoja huko siku nne. Niliposikia lalamiko lile pale Katonga nilikaribia kumkumbatia aliyelitoa. Hata kosa lenyewe lilikuwa limetii.

Yule mama wa migebuka aliyenirudishia dumu mbele ya watu hakuniomba msamaha, wala sikumtegemea aniombe. Alisema kweli. Alichukua madumu mawili badala ya moja, akachovya kidole, akalamba, akaendelea kugeuza samaki wake.

Kaka mtu alirudi Ilagala siku ile ya mfupa peke yake, amebeba dumu la mafuta ya Jumatano. Furushi lilikaa mlangoni mpaka alasiri, kuku wakapanda juu yake, kisha nikamwona dada mtu mwenyewe analifungua, anakung'uta kanga moja moja na kuzianika kwenye kamba. Kesho yake alfajiri alinikanda bega kama kawaida, na mimi nikasinzia.

Kabla watu hawajatawanyika asubuhi hiyo, mwanangu kwenye pikipiki yake na binti yangu kwenye ndoo zake, niliwasimamisha uani wote, nikawapa amri, na amri hiyo bado iko palepale:

"Alhamisi panga lisitoke ndani. Jumatatu anapika huyu mkwe wangu, asiulizwe. Na mkaa uwekwe pale kwenye dirisha la jiko. Mwenye neno juu ya mwenzake akaliweke kwanza ukutani, mwezi mzima, ndipo aje kwangu."